Mzee Wangu na Ng'ombe Mwekundu

Mwaka ule tulikula nyama mpaka tukaichukia. Asubuhi nyama, jioni nyama, bila ugali, kwa sababu unga ulikuwa umepanda na ng'ombe walikuwa wanaanguka wenyewe kwa ukame. Ukiona ameshindwa kuinuka, unamwahi na kisu. Hapa nyuma ya Kitengela tulikuwa na kumi na mmoja. Akabaki mmoja, mwekundu, ambaye mzee wangu alimlisha hata maboksi.

Siku ya kumpeleka soko la Bisil, mjukuu wetu alikuja na kamera. Huyu msichana hupiga picha za harusi, na mimi humsifu kwa kila mtu, hata kwa wasioniuliza. Alitaka picha moja ya babu yake na huyo ng'ombe. Lori lilikuwa langoni. Saa sita, jua la kupasua kichwa.

Akapiga ya kwanza, akaiangalia chini ya leso yangu, akakunja uso.

"Guka, toa kofia. Uso umekuwa mweusi kama chini ya sufuria."

"Hiyo ndiyo rangi yangu," mzee akasema. Kofia hakutoa.

Basi akachomeka flashi juu ya kamera. Nikacheka. "Jua lote hili na unawasha taa? Umekosa kazi?"

"Cucu," akanijibu mimi bibi yake, "jua linaishia kwa kofia. Taa ndiyo inaingia chini yake."

Akaniambia ndani ya kamera kuna pazia. Ukiwasha taa, lazima upunguze mbio zake, zisipite mia mbili, ama pazia litakuwa limeshafunika upande mmoja taa ikiwaka. Kabla hajagusa hiyo namba, dereva akapiga honi. Nikaona kidevu cha mzee kinatetemeka. Majirani walikuwa wamejaa kwa ua, wanatazama. Mzee wangu hakuwahi kulia mbele ya watu, na hangeanza siku hiyo nikiwa hapo.

"Piga, lori liende!" nikamfokea.

Akasimamisha kamera wima, akapiga. Akaiangalia, lakini jua lilikuwa linapiga kioo, hakuona kitu.

"Cucu, moja tena, sijui kama..."

"Wacha. Imetosha hivyo."

Lori likaenda. Mzee hakula siku hiyo, wala hakula vizuri tena. Mvua ilipokuja ilinyesha juu ya kaburi lake.

Namba ilikuwa imebaki mia tano. Kwenye picha, upande wa ng'ombe umewaka, hata nzi aliye kwenye jicho unamwona. Mkono wa mzee uko juu ya shingo yake, nao umewaka, na kucha zake zilizopasuka. Kwenye kiwiko mwanga unakatika. Kutoka hapo ni koti, kofia, na giza mahali pa uso.

Hatuna nyingine. Ile ya kitambulisho ni ya kijana ambaye wajukuu hawamjui. Wageni wakiuliza, nilikuwa nawaambia kamera iliharibika. Uongo. Ni mimi nilimharakisha mtoto wa watu.

Juzi mjukuu amekuja na laptopu. "Cucu, siku hizi kompyuta inaweza kumjaza uso. Tunachukua ule wa kitambulisho, tunauzeesha. Hata tunaweza kumfanya atabasamu."

"Atabasamu? Siku ile?"

Akaanza kulia. "Ni mimi nilisahau namba. Niruhusu nimrudishe."

Nikaangalia lile giza. Mimi peke yangu ndiye najua kidevu kilikuwa kinafanya nini humo ndani. Nikamshika mkono, nikautoa kwa laptopu.

"Wacha. Imetosha hivyo."