Mbegu Aliyoigawa Mama

Mama hajawahi kuuza kijiti cha mhogo, na aliyewahi kumtajia bei alijuta. Kwake mbegu ya mhogo ni kama kaa la moto: jirani anabisha, unampa, mambo yameisha. Tabia hiyo aliipata katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, juu ya Kasese, ambako baba alimleta kutoka magharibi ya Kenya wakiwa wameoana juzi tu. Kila familia pale ilitoka kwao, lugha zilikuwa nyingi kuliko mabomba ya maji, na wanawake walijuana kwa kuombana vitu uani. Chumvi ya Kabatoro, majani ya kunde, vijiti vya mhogo. Mbegu yake mwenyewe alipewa hapo na mwanamke aliyekuwa anahama, naye akaanza kumgawia kila aliyefika mlangoni.

Ni mhogo mtamu. Unapasuka wenyewe kwenye sufuria, unaula na chai bila kutafuta kitu kingine. Baba alipotoka mgodini akaingia kiwanda cha saruji, mbegu ilihama nasi. Alipostaafu akanunua kipande cha ardhi Bwera, kwenye mteremko unaotazama barabara ya kwenda mpakani Mpondwe, na mbegu ikapakiwa kwenye lori pamoja na vitanda. Baba sasa amelala pale pale, kando ya mihogo, na mama anaishi kwa mihogo hiyo. Anaichemsha, anaikausha, anaisaga apate unga wa bundu, ule ugali mzito ambao Wakonzo, wenyeji wa huku, walimfundisha kuusonga na ambao siku hizi anawakosoa wao wenyewe wakiusonga vibaya. Kijiji kizima kimepanda mbegu yake. Hata ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, ipo, na wanaiita mhogo wa Mkenya. Mama hana cheo kanisani wala kwenye kikundi chochote cha akina mama. Cheo chake ni hicho.

Mimi kazi yangu ni magonjwa ya mimea, hasa virusi. Niko katika maabara moja upande wa Kampala. Watu wakisikia maabara wanadhani ninatibu. Sitibu. Nachukua jani, nalisaga, natafuta kilichomo, kisha namwambia mwenye shamba jina la kitu kinachomharibia. Akiniuliza dawa namjibu kwamba kirusi kikishaingia kwenye mmea hakitoki, naye ananitazama kama mtu aliyemwita fundi wa mabati, na fundi akaja kumthibitishia kwamba nyumba inavuja. Kutazamwa hivyo na wageni nilishazoea. Nilikuwa hata nawakasirikia kidogo, kana kwamba ni wao walionipa kazi isiyo na mwisho mzuri.

Siku niliyokwenda kumwona mama nikiwa likizoni, alitoka na jembe kabla sijavua viatu. Mgeni wa kwake hali mhogo uliolala. Nilimfuata shambani nikaona mihogo imesimama vizuri, imenizidi urefu, majani yake kijani kibichi. Ni majani ya chini tu yaliyokuwa na manjano kidogo pembeni mwa mishipa. Niliyaona, nikajiambia kwamba majani ya chini huzeeka, hata mimi nazeeka.

Jikoni alimenya mzizi wa kwanza, na kisu kikagota. Ndani ya nyama nyeupe kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu. Mama hakushtuka. Aliyachimba kwa ncha ya kisu, harakaharaka, akawatupia mbuzi, akaendelea.

"Siku hizi iko hivi," alisema. "Inakuwa na madoa kidogo. Ni hii mvua. Unatoa mbovu, unapika nzuri."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ile msimu wewe ulikataa kuja."

Nilikula. Alikuwa ameketi mbele yangu ananiangalia nikitafuna, na katikati ya kila kipande kulikuwa na kitu kigumu kama kizibo. Nilijua ninachokula. Ule ugonjwa tunauita michirizi ya kahawia, na ubaya wake ni kwamba hauna haraka ya kujionyesha. Juu unakuacha ujivunie shamba lako, chini unaoza. Nikamwambia chakula ni kitamu.

Asubuhi nilikwenda shambani na bahasha zangu za karatasi kuchuma majani. Nilipoyatikisa, inzi weupe wadogo wakaruka, wale wanaofyonza mmea mmoja wakahamia mwingine na kirusi mdomoni. Jirani yetu, mzee aliyestaafu jeshi, alikuwa amesimama kwenye ua wake wa miti ya miyenzi. Ni mtu wa kaskazini, amekaa kambi nyingi kuliko anazoweza kuzikumbuka, na kijiji kizima humwita Afande. Mimi huniita daktari, na nimeshaacha kumsahihisha.

"Daktari, unakamata nani?"

"Namkamata mgonjwa, afande."

"Kamata. Peleka ndani. Usikubali dhamana."

Tukacheka. Mihogo yake ilikuwa nyuma yake, kijani kama yetu, kwa sababu ilikuwa ni yetu.

Maabarani, kazi yenyewe haina maajabu. Unasaga majani kwenye kinu kidogo cha kaure, unachuja, unaweka kwenye mashine inayopasha moto na kupoza, mwisho unatazama chini ya taa kama kuna mstari unaong'aa. Pembeni unaweka sampuli ya mmea unaojulikana kuwa mgonjwa na ya mmea unaojulikana kuwa mzima, ili usijidanganye. Nilizipanga za mama katikati. Mzima hakung'aa. Mgonjwa aling'aa. Za mama ziling'aa zote, kila bahasha, hata za ile mihogo iliyo karibu na kaburi la baba, ambayo niliichuma kwa matumaini kwa sababu ilionekana nzuri kuliko yote.

Nikarudia kazi yote tangu mwanzo. Mwenzangu aliniuliza kwa nini narudia kitu kilicho wazi, nikamwambia nahakikisha. Sikuwa nahakikisha chochote. Nilikuwa naomba. Majibu yalipotoka yale yale nilikaa kwenye kiti nikahisi mikono yangu mizito, mikono niliyoilipia ujana wangu shuleni, na sikuona kazi ya kuipa. Nilikuwa nimechukua pia vijicho vya shina lake ili tuvikuze ndani ya chupa, maana mara nyingine kwa njia hiyo mmea safi hupatikana. Vikawa vyeusi kimoja baada ya kingine. Mbegu nyingine, safi, inayouvumilia ugonjwa, niliahidiwa kwa msimu mwingine kama itakuwapo. Na hata ingefika, kama majirani wote hawajang'oa ya zamani, inzi wangeichafua.

Nilirudi Bwera kumwambia ana kwa ana. Alikuwa anapepeta unga.

"Yote nang'oa?"

"Yote, mama. Na vijiti tunachoma."

"Na dawa?"

"Hakuna."

Aliweka ungo chini. "Wewe umesoma miaka yote hii, na dawa hakuna?"

Hapo ndipo aliponitazama kama wale wengine. Nilitaka kumweleza, nikaanza hata, kwamba kirusi si mdudu wa kunyunyiziwa, kwamba kinakaa ndani ya mmea wenyewe. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia. Kisha akauliza kitu ambacho nilikuwa nimekiogopa njia nzima.

"Na ile niligawa?"

"Hiyo pia, mama."

Akaanza kuzitaja nyumba kwa vidole: mke wa katekista, Afande, wale vijana waliohamia Nyakalengija kubeba mizigo ya wapanda mlima, yule mwanamke wa Kongo aliyeolewa hapa chini, na ndugu zake ng'ambo walioibeba, ambao mama hata hawajui. Vidole vilikwisha, akaikunja mikono kwenye kanga.

"Kwa hivyo ni mimi nimewagonjesha."

"Si wewe. Labda ulianza kwa jirani, inzi wakauleta kwako. Hakuna anayejua."

"Hiyo mashine yako haijui?"

"Mashine inasema upo. Haisemi ulianzia kwa nani."

"Basi ni mashine ya kazi gani," alisema, bila hasira, na akainuka kwenda kutafuta jembe.

Hakuniruhusu nimsaidie sehemu ya kaburini. Aling'oa peke yake, akipiga kila mzizi kwa panga aone ndani, na kila alipoona kahawia aliguna kidogo kama mtu anayehesabiwa makosa. Tulipochoma vijiti, moshi ulikwenda ukatanda barabarani, na waendesha bodaboda wa kuelekea Mpondwe wakafunika pua.

Kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, na ubishi ningeuweza. Sikuupata. Watu walinikaribisha, wakanipa kiti, wakasikiliza mpaka mwisho. Nikawaonyesha majani ya chini yenye manjano. Wakayatazama kwa adabu. Yule mwanamke wa Kongo alichimba mzizi mbele yangu, akaukata: mweupe, safi, mzuri wa kutia hasira.

"Unaona? Yangu iko muzima."

"Leo, dada. Mzizi huu umesalimika, wa pili huenda umeoza. Na mwaka kesho itaoza mingi."

"Mwaka kesho tutaona na Mungu." Akanishika mkono. "Ila mama, masikini. Shamba yote? Sasa iko anakula nini?"

Kote ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimekuja kuwapa habari za mashamba yao, wao wakasikia habari za shamba la mama. Nilipotoka kila nyumba niliambiwa pole, na nilirudi nyumbani nimebeba pole nyingi kupita kiasi.

Jumapili, baada ya ibada, tuliwaona wakipanda mteremko. Walikuja pamoja, wengine bado na nguo za kanisani, wanawake mbele na mafungu ya vijiti kichwani, wanaume nyuma na majembe. Afande alikuwa amevaa buti zake. Mwanamke wa Kongo alitua fungu lake miguuni mwa mama, la kwanza, kubwa kuliko yote, limefungwa kwa kitambaa kizuri.

"Mama, siku yote ulitupatiaka. Leo ni siye tunakurudishia."

Mama alinigeukia. Sijawahi kuona macho yake yakiniomba kitu waziwazi namna ile. Kwake kukataa mbegu ni sawa na kumfungia mtu mlango, na hawa walikuwa wameshaingia uani. Nikasogea mbele nikasema jamani, asanteni, lakini mbegu hii ni ile ile iliyougua.

"Ndiyo!" alisema mwanamke wa Kongo, na uso wake ukang'aa kwa furaha. "Ni ile ile. Hatukuipoteza."

Wengine wakaitikia. Mke wa katekista akaanza kulia kidogo, kwa huruma, na mama akamshika bega kumtuliza. Kisha akainama, akalipokea lile fungu kwa mikono miwili, akasema asante. Alisema asante kwa kila fungu.

Hawakungoja kukaribishwa chai. Walitawanyika shambani wakaanza kupiga matuta, hata pale kaburini, taratibu, wakilizunguka kaburi kwa heshima. Afande alipanga watu kama yuko kwenye gwaride. Aliponiona nimesimama bure alinitupia panga, mpini mbele.

"Daktari! Unasimama hapo nini? Kata. Fupi fupi, ya shibiri. Watu inangojea."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshashika jembe. Basi nikakaa kwenye kigogo nikakata, kijiti baada ya kijiti, na kwenye ganda la vingi niliiona ile michirizi, myembamba, ya kahawia, ninayoijua kuliko nyuso za baadhi ya ndugu zangu. Mtu alikuja na ndoo akachukua nilivyokata, akaniambia nakata vizuri. Hasira ilinipanda ikakosa pa kwenda. Hapakuwa na mtu hata mmoja mbaya pale.

Walipoondoka, shamba lilikuwa limejaa tena. Mama alikaa kando yangu na nguo yake ya kanisani yenye udongo kwenye pindo.

"Itaota?" aliuliza.

"Itaota vizuri. Majani yatakuwa mazuri."

"Mpaka wakati ya kuchimba."

"Mpaka wakati huo."

Akakubali kwa kichwa. Barabarani chini malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea forodhani, na mbele yetu vijiti vilisimama kwenye matuta, vimepangwa sawasawa kwa amri ya Afande. Alikung'uta udongo kwenye pindo.

"Na mtu akikuja kuniomba mbegu," alisema, "nimwambie nini?"

Panga lilikuwa bado mikononi mwangu. Nililifuta kwa majani, pande zote mbili, nikalifuta tena, na yeye alikuwa bado anangoja.