Zamu ya Dada Zaina

Usiku ule nililala mapema, mgongo ukiniuma kwa kufua, na marehemu dada yangu Zaina akanijia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali ya mkoa, amempakata mwanangu Tatu. Tatu sasa yuko sekondari, lakini pale mapajani alikuwa bado mdogo, analia njaa, kama siku ile tulipokwenda kupimwa matiti.

Hatukuwa tunaumwa. Tulisikia tangazo, tukaenda. Foleni ikawa ndefu, mtoto akalia, na Zaina, aliyekuwa mbele yangu, akanipisha. "Ingia wewe, mimi nimtafutie uji. Nitapima siku nyingine." Picha ya titi langu ikaonyesha kauvimbe kadogo kama punje ya mtama, ambako hata vidole vya daktari havikuweza kukahisi. Wakakatoa, nikatibiwa, nikapona. Zaina hakurudi kupima mpaka titi lilipoanza kuuma na kwapa kuvimba. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Hatukumaliza naye mwaka.

"Dada," namwambia, "leo ingia wewe. Nipe mtoto."

Mlango unafunguka, nesi anaita, "Zaina!"

Nami ndiye ninayeitika, "Abee." Miguu inainuka yenyewe. Hata ndotoni naingia mimi.

Ndani si chumba cha kipimo, ni jikoni kwa mama yetu. Zaina anachambua mchele, mkono wake umevimba kama ulivyokuwa wodini. Napiga magoti.

"Nisamehe, dada."

"Mtoto alikuwa na njaa," anasema, vidole vinaendelea na mchele. Kisha ananitazama. "Mimi sikujua. Wewe unajua. Salma umemwambia nini?"

Salma ni binti yake. Tangu mazishi nimekuwa nikimkwepa, kwa sababu nisingeweza kumhimiza akapime bila kumweleza mama yake alimpisha nani.

Nikaamka, adhana ya alfajiri inasikika. Nikampigia Salma.

"Mama mdogo, kuna msiba?"

"Hapana, mwanangu. Nimetumwa kwako." Nikamweleza yote: foleni, uji, jinsi mama yake alivyonipa nafasi yake. Nikamwambia ugonjwa huu ukishampata mama, binti hangoji maumivu.

Akauliza:

"Kwa hiyo angeingia yeye, angekuwa hai?"

"Sijui. Labda wangeuona ungali mdogo, kama walivyouona wangu."

Akalia. Sikumbembeleza, nilijiona sina haki hiyo. Nilikaa tu kitandani, simu sikioni, namsikiliza mtoto wa dada yangu. Alipotulia, akapenga kamasi, akaniuliza pale hospitali wanaanza kupokea watu saa ngapi.