Joho la Mfalme

Fundi wa mavazi wa kikundi cha opera huongea na pini mdomoni, na kwa bahati mbaya hazijawahi kumnyamazisha. Msimu ujao una opera mbili mpya na moja ya zamani, kwa hiyo malkia wote watavaa mapazia yaliyochoka kwa matajiri wa Milimani yakaishia soko la mitumba la Kibuye. Hupima viuno kwa shubiri, hulamba uzi, kisha humpongeza mwimbaji kwa kunenepa kwa ajili ya sanaa. Agneta aliketi kando akisali kimoyomoyo. Katika ile opera ya zamani, aliyeimba kama mfalme alikuwa kaka yake Wechuli, waliyemzika mwezi wa tatu. Mfalme mpya alikuwa mwembamba, na joho la Wechuli lilimmeza.

"Likate tu, Mzee," mkurugenzi aliagiza.

"Wewe Bwana shughulika na sauti zao. Hizo ndizo za kukatwa," fundi alijibu, akachukua makasi.

Agneta alifumba macho. Alipoyafumbua, kilichokatwa kilikuwa uzi. Kitambaa cha ziada kilikuwa kimekunjwa chote kwa ndani, kikashikizwa kwa mishono mirefu ya kufumuliwa upesi. Fundi alitema pini zote kiganjani.

"Huyu analiazima tu, Mama," alimwambia Agneta.