Blanketi la Manyoya ya Bata

Andika, mjukuu wangu. Baba yangu alizaliwa Narung'ombe, mama yangu Malolo. Wote walilinda mahindi yao yasiliwe na nguruwe pori. Nami hulinda yangu, nikilala kwenye bembea ya kamba kati ya mikorosho, chini ya turubai, nimejifunika blanketi nililolijaza manyoya ya bata.

Masika haya baba yako aliniambia, "Mama, manyoya yakilowa, baridi itakuua. Rudi nyumbani."

"Yakilowa nitarudi," nilimjibu.

Nilifunga kitambaa kwenye kila kamba, maji yanayotiririka kwenye kamba yadondokee hapo yasinifikie. Nailoni ya kufunika blanketi niliikataa, kwa kuwa ndani yake jasho nalo hulowesha. Mahindi yamevunwa, wala sikurudi.

Blanketi hilo ni lako. Usilikunje likiwa na unyevu. Na shamba usiliache, hata akikuamuru baba yako.