Siku Niliyomwamkia Bata

Nicheke kwanza mimi mwenyewe halafu na nyinyi mcheke, maana mkasa huu nikiusimulia kwa namna yoyote mjinga nabaki kuwa mimi, nimeshajaribu kusema ni rafiki yangu ndiye yaliyomkuta, watu wananiangalia tu wananiambia, "Saidi, si wewe yule wa bata?" Basi nikaona bora niuseme kwa mdomo wangu kabla haujavuka kwenda Mtwara na kuota mkia.

Ilikuwa ile miaka gesi ilipoonekana baharini, Palma yetu hii ya Msumbiji ikajaa watu mpaka mkate asubuhi tunagombania, na hao waliotoka mbali kufuata kazi sisi tuliwaita vientes. Sasa nyuma ya mashamba yetu ya mpunga kulikuwa na kambi moja ya wageni, wakafuga mabata wakubwa weupe wa shingo ndefu, si kwa nyama, kwa ulinzi, maana bata wale mtu akipita anapigiwa kelele kuliko za mbwa. Kambi ikahama, mabati wakang'oa, matangi wakabeba, hata choo wakapakia kwenye lori (nimekiona kwa macho yangu kikipita barabarani kimekaa kama mheshimiwa), lakini mabata wakawaacha. Mabata nao hawakuuliza mtu, wakaingia ziwani.

Ziwa lenyewe si kubwa, ni maji ya mvua na matete, lakini ndiyo maji yetu. Wakazaana. Wale bata wadogo wa kahawia wa mwitu tuliowazoea wakafukuzwa, maji ya kunywa yakawa na manyoya na mambo mengine ambayo sitayataja maana huenda mtu anakula, na mpunga ukichipua tu wameshafika. Jaruba la mama yangu ndilo lililokuwa karibu na maji kuliko yote, na mama alikuwa nalo hilo moja tu. Mwaka ule mbegu zote alizokuwa nazo zilikuwa tayari ziko chini. Wakila zile, hana za kuvuna na hana za kupanda tena.

Upande mwingine alikuwepo Bi Somoe. Mume wake, Mzee Bwanali, alikwenda ziwani kukata matete kabla hata ya mambo ya gesi, jua la utosi, na hakurudi. Wanaume walichokoa maji kwa miti, wakakuta panga limesimama kwenye tope, basi. Wengine wakasema mamba, wengine wakasema ameoa Tanzania. Bi Somoe hakupata kaburi la kulilia, akalichukua ziwa zima kuwa kaburi.

Huyo mzee, mjue, alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, hatua moja halafu anaburuza, hatua moja halafu anaburuza, na alikuwa na tabia yake, akikutana na mtoto njiani anasimama mbele yako, hasemi kitu, hakupishi, mpaka utoe shikamoo. Sisi sote wa rika langu tumekua hivyo. Ukisikia ule mburuzo tu, mdomo unajifungua wenyewe.

Ikaitishwa reunião, mkutano wa watu wote, pale kwa chefe wa kijiji, na akaja bwana mmoja wa kilimo na bunduki mbili kwenye gari.

"Hawa si ndege wa hapa," akasema. "Wakibaki, wa hapa wataisha. Lazima wauawe."

Akasimama Tomasi, fundi matofali, mtu wa bara, wa Mueda. "Na mimi si wa hapa, bwana. Mimi nitapigwa risasi au nitachinjwa?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Tukianza kuua kila aliyekuja na gesi, bwana kilimo, hiyo gari yako itaendeshwa na nani?"

Mama yangu hakucheka. "Tomasi, wewe hujala mpunga wangu ungali mbichi," akasema. "Siku ukianza kuula nitakusemea na wewe."

Hapo kelele zikaanza, huyu anasema wauawe, huyu anasema wafugwe, mwalimu wa chuo cha Kurani anasema bata wa bunduki kwetu ni mzoga hata kama umenona, Tomasi anasema basi mizoga yote aletewe yeye, sufuria anayo. Halafu akanyanyuka Bi Somoe, watu wakanyamaza bila kuambiwa.

"Mwenye njaa ale," akasema. "Lakini ziwa lile lina mtu ndani. Damu msimmwagie."

Ikapatikana njia. Bunduki zirudi garini. Achinjwe mmoja kwanza, kwa mkono, kwa sheria, juu ya mchanga, damu ifukiwe shimoni isifike majini, na watu wote washuhudie. Ikienda salama, tutaendelea na waliobaki. Sasa nani wa kuchinja wa kwanza? Watu wazima, wachinjaji wa Idi, wanaangalia kucha zao.

Na mimi (mnanijua, kimya kikizidi mdomo unaniwasha) nikasema kwa sauti, "Nipeni mimi. Hata mwenye ziwa akitoka, nitamwomba anishikie miguu."

Walicheka mpaka wakapigana mabega. Chefe peke yake hakucheka. Akasema, "Limepita, tusome fatiha," mikono yote ikanyanyuka na ya kwangu pia ikanyanyuka, sijui nani aliinyanyua, mama akajifunika uso kwa kanga yake ya kapulana, na neno likishasomewa fatiha kwetu hulirudishi tena. Mimi katika maisha yangu nilikuwa sijachinja hata kuku. Shule nimesoma mpaka quinta, yaani darasa la tano, chuoni niliishia katikati, na kisu nilichokuwa nacho kilikuwa kile cha mama cha kuparia samaki.

Siku yenyewe tulipanga asubuhi, bwana kilimo akachelewa, akafika jua liko utosini, saa ambayo mama zetu hawamruhusu mtoto kusogelea maji. Hakuna upepo. Matete yamesimama kama yamechorwa. Kijiji kizima kimejipanga juu ya tuta, na Bi Somoe amekaa chini ufukoni, pale pale anapokaaga siku zote.

Niambieni, mabata waliokuwa wakimpigia kelele hata mbuzi, siku ile kimya. Wamekaa juu ya maji, weupe, wengi, wote wametuangalia upande mmoja.

Ilibidi nikamate mmoja. Na hapa ndipo ule uamuzi mdogo ulipozaa watoto, maana ningeweza kuhangaika na yeyote, lakini mimi mvivu, nikamwona mmoja, dume kubwa, ametoka majini peke yake anatembea kwenye mchanga taratibu, mguu wake mbovu. Nikasema riziki hiyo. Nikamfunika na shati. Hakupiga hata bawa.

Bi Somoe akasema kwa sauti ndogo, "Huyo?"

Nikadhani ananiuliza, nikamjibu, "Huyu huyu, bibi, wengine wana mbio."

Nikamlaza, nikamwelekeza kibla, nikapiga bismillahi vizuri kabisa. Nilichokuwa sijui ni kwamba bata macho yake yako pembeni, kwa hiyo unamchinja huku anakuangalia. Jicho moja, la buluu, halipepesi. Nikapeleka kisu mara moja, kikateleza, nikapeleka tena, damu ikatoka, lile jicho bado linaniangalia, halina hasira, limetulia kama la mtu anayesubiri umalize kuongea. Nikamwachia bata. Mwalimu wa chuo akapiga kelele, "Usiinue kisu, Saidi," lakini kisu nilikuwa nimeshakitupa.

Bata akasimama.

Shingo imelala mgongoni, kichwa kinaning'inia, na akaanza kutembea, si kukimbia kama kuku, kutembea, hatua moja halafu anaburuza, hatua moja halafu anaburuza, mguu wa kushoto, anakuja kwangu. Akafika mbele yangu, akasimama. Hapiti na hanipishi.

Nikasikia mtu anasema, "Shikamoo, babu."

Mtu huyo ni mimi. Nimesema kwa adabu, mikono mbele, kichwa chini, kijiji kizima kinasikia.

Sikungoja. Nilikimbia, na waliokuwa nyuma hawakuona chochote, waliona mchinjaji anakimbia, wakasema kama mchinjaji anakimbia sisi ni nani, tuta zima likaondoka. Chefe aliacha viatu. Tomasi alikimbia amevaa sufuria kichwani. Bwana kilimo alinipita njiani, na gari yake ilikuwa upande wa pili. Nilipogeuka mara moja nilimwona bata ameingia majini, wenzake wanampisha njia mpaka katikati, bado kimya, na Bi Somoe peke yake amebaki amekaa, maana miguu yake haikimbii.

Kesho yake walikwenda kumtafuta, mzoga usiharibu maji. Wakachokoa kwa miti kama walivyomchokolea mzee. Hakuna bata, hakuna hata nyoya.

Habari ya kuua mabata iliishia hapo, hakuna aliyethubutu kuitaja tena kwenye reunião. Aliyelipa ni mama. Msimu mzima nililinda jaruba, napiga debe kutoka alfajiri mpaka jua kuzama, tukavuna kidogo, mbegu tukairudisha, na mama hakunitukana hata siku moja, jambo ambalo liliniuma kuliko kutukanwa. Watoto barabarani wananiambia, "Shikamoo, mjukuu wa bata," na mimi naitikia, nitafanyaje. Lakini nawaambieni kitu kimoja, mabata wale wanampigia kelele kila mtu mpaka leo, nikipita mimi wananyamaza, wote wanageuza shingo. Debe nilikuwa napiga bure. Ilitosha nisimame.

Toka siku hiyo nimeapa, kwenye kikao mimi ni mtu wa kuitikia amina. Mzaha nabaki nao hapa barazani, kwenu, ambao hamsomi fatiha.

Mpunga ulipoingia ndani nilimpelekea Bi Somoe kibaba na pumba kidogo. Nilimkuta pale pale ufukoni, nikakaa mbali kidogo, nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Damu ilifika majini. Na tena nilimfanyia mzee mzaha, nikamwamkia bata kama mtu."

Akachukua pumba, akazirusha majini taratibu.

"Kuamkia si kosa, mjukuu wangu," akasema. "Kosa lako ni kukimbia kabla hujaitikiwa. Aliitikia. Nyinyi mlikuwa mmeshafika barabarani."