Watoto Hawahesabiwi

Nilipokuwa mtoto pale Uthiru, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na Baba aliogopa moto kuliko mwizi. Kazini kwao mjini walifundishwa jinsi ya kutoka jengo likishika moto, akatuletea somo zima nyumbani. Begi la vyeti na tochi likawekwa mlangoni. Akipuliza filimbi, sisi watoto tunakimbilia tangi la maji kando ya geti, naye anatuhesabu. Tulikuwa wangapi? Sisemi, na mtaona kwa nini.

Hapo ndipo alipokosana na Shosho, mama yake, tuliyeishi naye.

"Watoto hawahesabiwi," Shosho alimwambia. "Hata mbuzi sisi hatuhesabu. Ukihesabu, unaita kitu kije kupunguza."

"Sasa Mama, nitajua aje wote wametoka?"

"Si uwaite. Kwani hawana majina?"

Baba alicheka, akaendelea na hesabu yake. Mimi sikucheka. Kila alipotugusa vichwa nilikumbuka maneno ya Shosho, na kitandani nilijiuliza ni nani kati yetu atakayepunguzwa.

Jioni moja stima ilipotea tukabaki gizani, na jiko la mafuta la jirani likalipuka. Moshi ukajaa uani, hata hatuonani. Filimbi ikalia. Tukafika kwenye tangi tukikohoa, Baba akapapasa vichwa gizani.

"Wako wote," akasema.

Shosho hakumsikiliza. Alianza kutuita, mkubwa kwenda kwa mdogo, na kila mmoja akaitika. Akafika kwa Wangari, kitindamimba wetu. Kimya. Akamwita tena. Kichwa cha mwisho alichogusa Baba kilikuwa cha mtoto wa jirani, aliyekimbilia kwetu.

Baba alirudi ndani. Alimkuta Wangari chini ya kitanda, amejifunika blanketi, akatoka naye ukuta wa nyuma ukianza kushika moto.

Hakutuhesabu tena. Shosho naye hakumsimanga, ila alishikilia hadi kufa kwake kwamba ile hesabu ndiyo iliyomtaka mtoto. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba kichwa cha mtoto yeyote kilitosha kukamilisha hesabu ya Baba, lakini kwa jina la Wangari hakuna mwingine aliyeitika. Wenzangu ofisini Hurlingham hunicheka, kwani nikiulizwa nina watoto wangapi, nawataja majina. Nyumbani nawaita kila jioni, na silali kabla wote hawajaitika.