Marehemu Kwenye Laivu ya Kanisa

Kuna watu hapa Kanyakine ambao wakipita kwenye kibanda changu cha viatu vya mitumba hawaulizi bei tena. Wanasimama, wanavua kofia kwa heshima ya uongo, wanasema, "Baba Mutwiri, huko ng'ambo kuna baridi?" halafu wanacheka mpaka wanaegemea meza na kuangusha viatu nilivyopanga kwa saizi. Ninaokota viatu vyangu. Nimeaibika mbele ya watu wengi maishani, lakini kabla ya Jumapili ile sikuwa nimewahi kuaibika mbele ya kanisa zima, na familia ya marehemu, na watu mia moja na hamsini na mmoja waliokuwa wakitazama kwenye simu zao, wote kwa wakati mmoja (nilihesabu mara mbili, na mara ya pili walikuwa wameongezeka).

Sababu yangu ilikuwa nzuri, naomba hilo liandikwe mahali. Mama yangu anakaa Kibugu kwa dada yangu, kule juu kwenye majani chai. Mwaka jana aliteleza shambani akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hajaingia kanisani, yeye ambaye alikuwa anafika kabla ya mwenye ufunguo. Ukimpigia simu hakuulizi watoto wanaendeleaje. Anauliza nani alisoma neno, kwaya iliimba nini, na kwa nini watu siku hizi wanakaa nyuma kama kuku wagonjwa. Ndiyo nikaenda mbele ya wazee wa kanisa nikawaambia turushe ibada kwenye mtandao, ukurasa wa kanisa tunao, kazi yake imekuwa kutangaza mazishi tu.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kirimi, alinisikiliza huku amefumba macho. Kisha akatoa uamuzi. Jumapili tatu za majaribio. Ya tatu ikifika na watazamaji hawajafika hamsini, stendi ya simu inarudi stoo na hakuna mtu atamtajia tena habari ya mtandao. "Hatuwezi kuweka mlingoti katikati ya nyumba ya Mungu kwa sababu ya watu kumi," akasema.

Jumapili ya kwanza tulipata kumi na wanne. Niliporudia kuhesabu nikaona ni kumi na watatu, mmoja alikuwa mimi. Ya pili ishirini na wawili. Mama alikuwa kati yao kila mara, dada anamwegemezea simu kwenye chupa ya chai, na jioni ananipigia kunihubiria mahubiri yaleyale niliyoyasikia asubuhi nikiwa nimekaa pale. Nikasema hii kitu haifi. Si mikononi mwangu.

Sasa, mimi ni mtu wa soko, na ninajua jambo moja ambalo wazee wa kanisa hawalijui: kibanda kitupu hakiingiliwi. Asubuhi kama hakuna mteja, ninamweka binamu yangu pale ajaribu kiatu, hata kama mguu wake ni saizi kumi na kiatu ni saba, na ndani ya dakika tano wamejaa. Mtandao ni hivyohivyo. Watu wanapita, wanaona hakuna aliyeandika neno, wanaenda zao. Na tulikuwa tumeletewa mchungaji mpya, Mchungaji Njeru kutoka Embu, alikuwa hajamaliza hata wiki mbili kwetu, na alikuwa na desturi ya kusoma kwenye tableti yake ujumbe wa wanaotutazama na kuwasalimu kwa majina kabla ya kuhubiri. Jumapili ya pili aliuliza, "Nani yuko nasi kwa mtandao?" akasubiri, akasubiri, hakuna aliyeandika, akajikohoza akafungua Biblia. Nilimwonea huruma.

Kwa hivyo nikahitaji simu ya pili. Ya kwanza ndiyo iko kwenye stendi inarekodi, na ya pili iandike neno la kwanza. Ijumaa nikapanda Meru, nikaenda Majengo kwa kijana mmoja anaitwa Swaleh, anauza simu kuukuu karibu na wachinjaji. Tukavutana karibu saa nzima. Nilimkuta juu kabisa, nikamshusha, akaapa ananiuzia kwa hasara, nikamwambia mimi pia huwa naapa hivyo kwa viatu, tukaelewana.

"Mzee," akasema, "hii imetoka kwa mtu na bado ina vitu vyake ndani. Nikikufutia kila kitu ianze upya, ongeza mia mbili."

"Mia mbili ya kufuta? Nitafuta mwenyewe nyumbani."

"Sawa, lakini usisahau mzee wangu."

Nilisahau. Hapo ndipo mkasa wote ulipozaliwa, kwa mia mbili, na Swaleh hana kosa hata la sumni.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko, sikuigusa simu. Jumapili asubuhi nikaingiza laini moja ya zamani niliyosajili kwa jina la mama. Na hapa nisikilizeni vizuri kabla hamjaniita mjinga, kwa sababu nina hakika nusu yenu mngefanya vivyo hivyo. Huku kwetu jina lako linakaa kwenye laini. Ukimtumia mtu pesa, jina linatokea lenyewe, hakuna anayeuliza simu ni ya nani. Mimi nikadhani na mtandao ni hivyo: laini ni ya mama, basi nikiandika litatokea jina la mama. Na maneno ya mama ninayajua kwa kichwa. Hata sikuona ni uongo. Niliona ninamsaidia kuandika.

Ibada ikaanza. Mimi nimesimama nyuma ya stendi, watazamaji thelathini na mmoja. Nikafungua ile simu nyingine, haikuwa na neno la siri, nikaona mtandao uko wazi tayari, nikasema Mungu ni mwema, nikatafuta ukurasa wa kanisa, nikaandika upesi bila kuangalia juu wala chini, nikatuma. Nikakunja mikono kama mtu aliyefunga biashara.

Mchungaji Njeru akatazama tableti, uso ukang'aa.

"Haleluya! Leo tunaye wa kwanza! Anaitwa Jotham M'Ikiara. Mzee Jotham, karibu sana! Wapendwa, tumpigieni makofi!"

Alipiga makofi peke yake.

Sisi wengine tulikuwa tumemzika Mzee Jotham M'Ikiara wiki tano zilizopita. Mimi mwenyewe nilishika kamba moja ya jeneza. Mchungaji wa watu hakujua, alikuwa bado Embu anafunga mizigo. Akaendelea kusoma kwa ile sauti yake nzuri ya redio:

"Anasema, 'Bwana asifiwe. Nawaona nyote kutoka huku nilipo. Huku kuna baridi lakini nimepumzika. Msiniondoe kwenye maombi. Na viti vya mbele visikae wazi.' Amina! Mzee Jotham, hebu tuandikie, uko wapi?"

Mabati yalilia kwa jua. Halafu sauti moja ya mwanakwaya, nyembamba, ikamwita Mungu wake kwa Kimeru, "Uui, Murungu wakwa," na safu yote ya soprano ikaanza kusogea kuelekea mlango wa pembeni, wakisogea kwa miguu tu huku nyuso zikitazama mbele. Na mimi nikaangalia ile simu mkononi, juu kabisa, kwa mara ya kwanza. Picha ndogo ya mzee mwenye kofia ya kahawia. Kofia ileile ya Mzee Jotham; akaunti iliyokuwa wazi ilikuwa bado yake.

Katikati ya hayo akasimama Mama Kanana, mjane wake, kiti cha pili kutoka mbele, na kitambaa cheusi kichwani. Sote tulidhani ataanguka. Hakuanguka.

"Mchungaji," akasema, "muulize funguo za stoo aliziweka wapi."

Na mchungaji, Mungu ambariki, akageukia stendi yangu akatabasamu kwenye simu. "Mzee Jotham, kuna mama hapa anauliza habari ya funguo za stoo."

Mtu mwenye akili angeifuta ile komenti. Nilijaribu. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, haifutiki, nikaona dawa ni kueleza. Nikaandika kwa haraka, "Samahani, huyo si mimi," nikatuma. Kutoka simu ileile. Kwa jina lilelile.

"Anasema, 'Samahani, huyo si mimi,'" akasoma mchungaji, na sasa hata yeye sauti ikaanza kupungua.

Hapo kanisa likapasuka. Mwinjilisti Karambu akaruka mbele na kuanza kukemea, mkono mmoja ameuelekeza kwenye tableti, "Toka! Toka kwa mitandao!" Soprano walimaliza kutoka. Mzee Kirimi akapanda madhabahuni na fimbo yake, akamnong'oneza mchungaji sikioni, na mchungaji akaiweka tableti chini taratibu sana, kama mtu anayeweka sufuria ya moto, akarudi nyuma hatua tatu. Na kwenye stendi namba zilikuwa zinapanda: themanini na wanane, mia moja na kumi, mia moja na arobaini. Watu waliokaa ndani ya kanisa lenyewe walikuwa wametoa simu wanatazama. Sitadanganya: kuna sehemu ndogo ya moyo wangu, ile ya sokoni, ilisema, tumepita hamsini.

Mlango wa nyuma ulikuwa hatua nne kutoka kwangu. Lakini ningetokaje na kuiacha simu kwenye stendi inarusha mjane akingoja jibu la marehemu, na mama yangu anatazama akiwa Kibugu na nyonga yake? Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

"Ni mimi," nikasema. "Mzee hajaandika kitu. Ni mimi na simu ya kununua."

Kisha Mzee Kirimi: "Rudia, Baba Mutwiri. Na sauti."

Nikarudia kwa sauti. Nikaeleza Majengo, nikaeleza laini, nikaeleza mia mbili. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mjinga, na hakuna aliyenisaidia kwa kucheka. Mama Kanana akaja mpaka nilipo, polepole, akanyoosha mkono. Nikampa ile simu. Akaiangalia ile picha ya kofia, akaipangusa kwa kidole cha gumba, akabonyeza mahali pa picha, akapata moja mzee amesimama na ng'ombe wao mwekundu, akapata nyingine ya ng'ombe peke yake, na nyingine ya ng'ombe tena.

"Alikuwa ananipiga picha mimi," akasema, kama anajiambia mwenyewe, "lakini ng'ombe anajiingiza."

Halafu bila kugeuka akaita, "Mwenda."

Mwenda ni kitinda mimba wake, ndiye anayetupigia kinanda. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso liko karibu kugusa vitufe.

"Uliniambia hii simu ilipotea siku ya mazishi. Nimepekua nyumba wiki tano."

"Mama, nilikuwa na shida kidogo."

"Tutaongea nyumbani."

Akaitia simu ndani ya kikapu chake, chini ya Biblia. Sikutaja bei. Watu wanaonijua wanasema hiyo ndiyo ilikuwa ishara na miujiza ya siku ile.

Baada ya ibada wazee waliketi kwenye ofisi ndogo, na mimi nikasimama. Nikajaribu kusema kwamba kwa hesabu tulikuwa tumefaulu, mia moja na hamsini na mmoja. Mzee Kirimi akanitazama kama kiatu kisicho na mwenzake.

"Hao walikuja kuona maiti akiandika. Stendi inarudi stoo. Leo."

Nilikuwa nimeanza kuikunja stendi, na ninawaza nitamwambia mama nini, wakati Mama Kanana alisukuma mlango bila kupiga hodi.

"Kirimi, mama wa huyu amenipigia sasa hivi," akasema. "Hakuweza kuja kwa mazishi, nyonga haikumruhusu. Amenipa pole leo kwa mara ya kwanza, tumelia pamoja kwa simu. Ameniambia ananiona kila Jumapili pale mbele, na Jumapili iliyopita aliona nimekonda." Akavuta pumzi. "Kwa hivyo mashine isizimwe. Lakini huyu asiiguse tena."

Mzee Kirimi alifumba macho muda mrefu. Hakuna mzee wa kanisa ambaye angemkatalia Mama Kanana siku ile, na yeye alijua, na alijua kwamba tunajua. "Isizimwe," akasema. "Ashike binti yako Kanana, yeye ni mwalimu. Na Baba Mutwiri akae mbele kabisa, tumwone mikono yake."

Jioni mama alinipigia. Sikufika hata kwenye samahani. "Kumbe ni mimi niliyesema huku kuna baridi?" akauliza. "Mimi nilikuambia lini kuna baridi? Umenifanya niwe marehemu na umenifanya niwe mlalamishi." Dada yangu alikuwa anacheka nyuma mpaka simu ikaanguka.

Tangu siku hiyo nimeapa: simu ya kununua nalipia ifutwe mbele ya macho yangu, bila kuvutana, na siandiki tena salamu za mtu mwingine, hata za Mutwiri wangu kwa nyanyake. Ninakaa kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, na Kanana amenielekezea ile simu kama askari wa zamu. Watazamaji siku hizi ni arobaini na kitu, wazee wameacha kuuliza. Na kila Jumapili jioni mama ananipigia kunihubiria mahubiri yote kutoka mwanzo, kisha mwishoni anasema, "Na leo umesinzia mara mbili."

Mara moja. Nilihesabu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa anatazama.